Dramu Ikichemka, Usianze kwa Kuifungua

Breki ni mtambo wa kutengeneza joto. Gari likisimama, ule mwendo wote lazima uishie mahali, na mahali penyewe ni chuma cha dramu. Kwa hiyo mwenye gari akifika gereji na kusema breki zake zinapata moto, bado hajasema kitu. Breki zote hupata moto. Cha kumuuliza ni tairi lipi, moto kiasi gani, na ulianza gari likiwa linafanya nini.

Tuanze na hesabu, maana baadhi ya magonjwa yanayotafutwa ndani ya dramu yako kwenye mguu wa dereva. Chukua Land Rover 109 ya Series IIA, toleo lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971. Ikiwa na abiria na mizigo, tuseme ina tani mbili. Kuisimamisha mara moja kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa kunazalisha takriban kilojuli 500 za joto. Sasa ishushe kutoka Lushoto hadi Mombo, mteremko wa karibu mita 1,000 ndani ya kilomita thelathini na kitu za kona. Nishati inayopaswa kupotea hapo ni kama megajuli 20, yaani sawa na kuisimamisha kutoka kilomita 80 mara arobaini. Sehemu yake huliwa na upepo na matairi, na sehemu kubwa inaweza kuliwa na injini dereva akishuka na gia ya pili. Akishuka na gia ya nne huku mguu umelala kwenye pedeli, sehemu kubwa mno inaingia kwenye dramu nne. Gari hilo likifika Mombo linanuka, pedeli imezama na moshi unafuka kwenye ringi, huenda halina ugonjwa wowote. Limefanya kazi liliyopewa.

Nimechagua Land Rover hizi za zamani kwa sababu breki zake ni dramu tupu, mbele na nyuma, na mpangilio wake ni mwepesi kuufuata kwa macho. Pia zipo nyingi. Arusha iliandaa tamasha la Land Rover Oktoba 2024, na aliyesimama kando ya barabara aliona magari yenye umri wa babu yake yakipita. Mengi ya magari ya namna hiyo hutumika kwa nadra, na gari la kale huumwa kwa kukaa kuliko kwa kutembea. Pistoni zinashika kutu, mipira ya breki inazeeka, oili ya breki inanyonya maji. Siku likitolewa kwa safari ndefu, ndipo tairi moja linaanza kufuka.

Gari likishaingia gereji, kinachofuata kinajulikana. Jeki, spana ya nati, dramu inagongwa nyundo, na baada ya dakika chache brekishuu ziko chini kwenye gunia. Fundi anazisugua msasa, anapuliza vumbi, anarudisha, anasema imepona. Baada ya wiki mwenye gari anarudi na lalamiko lilelile. Hoja yangu ni kwamba kufungua dramu ni hatua ya mwisho ya uchunguzi, na kuifanya ya kwanza ni kuharibu ushahidi. Ili dramu itoke, lazima ulegeze marekebisho ya brekishuu. Kwa kulegeza tu, kama shida ilikuwa kukazwa kupita kiasi, umeshaifuta kabla hujaiona. Nyundo inaachia pistoni iliyokuwa imekwama. Na muda uliotumia kutafuta jeki umetosha kwa oili kupoa na presha kushuka. Unabaki unaangalia breki yenye afya na kujiuliza mwenye gari alikuwa anazungumzia nini.

Kabla ya spana yoyote, basi, soma joto lenyewe. Land Rover ya Series yenye mkondo mmoja wa breki ina masta silinda moja mbele ya dereva. Kutoka hapo bomba la chuma linagawanyika. Kila tairi la mbele linalishwa na mpira wake wa breki, lakini nyuma kuna mpira mmoja tu, unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, na pale kwenye ekseli ndipo bomba linapogawanyika kwenda kushoto na kulia. Mpangilio huo unakupa jibu nusu kabla hujachafua mikono. Matairi yote manne yakiwa ya moto kupita kawaida, shida iko juu kwenye masta silinda au pedeli, au ni uendeshaji. Mawili ya nyuma kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni ule mpira mmoja wa nyuma. Tairi moja la mbele, shuku mpira wake au kitu kilicho ndani ya dramu yake. Tairi moja la nyuma peke yake, mpira umeshaondolewa kwenye orodha, kwa sababu ungeathiri yote mawili; shida iko kwenye tairi hilohilo.

Hapa kuna mtego ambao nimeona ukiwapoteza hata mafundi wazuri. Tairi la moto silo gonjwa siku zote. Kama breki ya kushoto mbele haifanyi kazi, kwa sababu oili imelowesha lainingi au pistoni imeganda ndani, ya kulia inabeba kazi ya mbili. Inachemka kwa sababu ni nzima. Fundi akiifungua atakuta kila kitu kinateleza vizuri, na akiilegeza ili isipate moto atakuwa ameondoa breki ya mwisho ya mbele iliyokuwa inamwokoa dereva.

Njia ya kuyatofautisha ni kuendesha mara mbili. Mara ya kwanza tafuta barabara tambarare, gari likiwa limepoa kabisa, nenda kilomita kumi hivi bila kugusa breki. Punguza mwendo kwa gia, mwishoni liache lisimame lenyewe. Tairi litakalokuwa la moto hapo linakwaruza; hakuna maelezo mengine zaidi ya hilo na beringi. Mara ya pili, baada ya kupoa tena, funga breki mara kadhaa kutoka kilomita 50 kwa saa, kisha pima. Safari hii mtafute aliye wa baridi. Huyo ndiye mvivu, na wa moto aliye upande wa pili wake hana kosa. Usukani nao unasema: breki inayokwaruza huvuta gari upande wake hata mguu ukiwa nje ya pedeli, wakati breki isiyofanya kazi huliacha gari livutwe upande wa pili pale tu unapokanyaga.

Kupima ni kazi ya kipimajoto cha miale, ambacho sasa kinauzwa kwa bei ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kile cha kupimia homa kilichozagaa wakati wa Uviko hakifai, kinaishia kwenye joto la mwili. Lenga ukingo wa dramu au bati la nyuma yake, mahali penye kutu au rangi nyeusi. Ukilenga chuma kinachong'aa au alumini iliyosuguliwa kitakudanganya, kitasoma chini ya ukweli. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya kushoto na kulia. Nyuzi kumi au kumi na tano hazina neno. Upande mmoja ukisoma 60 na mwingine 150, huhitaji kuuliza zaidi. Wasio na kipimo wanadondosha tone la maji kwenye dramu: likichemka na kuruka, umepita nyuzi 100. Tone tu. Ile tabia ya kumwaga dumu zima la maji kwenye dramu iliyochemka, ambayo wasamaria wema wa barabarani huifanya kwa moyo mkunjufu, hupasua chuma cha kusubu au kukipinda, na breki inayodunda mguuni baada ya hapo haitibiki bila dramu mpya au mashine ya kukereza.

Baada ya mahali, uliza wakati. Kuna malalamiko ambayo mwenye gari huyaeleza kwa aibu kidogo, kama mtu anayehofia kuonekana anaota: gari linatoka nyumbani vizuri, baada ya kilomita kumi au kumi na tano linaanza kuwa zito, breki zinajikaza zenyewe, mwishowe linagoma. Akilipaki nusu saa chini ya mwembe, linatembea tena. Analifikisha gereji, fundi analisukuma kwa mkono, linateleza. Anaambiwa hamna kitu.

Kitu kipo, na ni rahisi kukieleza. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana linalounganisha bomba na chupa ya oili. Mguu ukiwa nje ya pedeli, tundu hilo lazima liwe wazi, ili oili inayotanuka kwa joto ipande kwenye chupa. Likizibwa, oili iliyofungiwa inapata joto kidogo, inatanuka, inasukuma brekishuu, brekishuu zinakwaruza, joto linaongezeka, oili inatanuka zaidi. Mzunguko huo haukomi mpaka gari lisimame. Likipoa, oili inasinyaa na ushahidi unatoweka.

Kinachoziba tundu mara nyingi ni pistoni ambayo hairudi mpaka mwisho. Kijiti kinachotoka kwenye pedeli kinatakiwa kiache nafasi ya kama milimita 1.5 kabla ya kugusa pistoni. Fundi aliyebadili masta silinda, au aliyetaka pedeli iwe "juu kidogo" kama mzee alivyoomba, akila nafasi hiyo, amesababisha ugonjwa utakaoonekana kilomita kumi baadaye. Springi ya kurudishia pedeli iliyochoka inafanya vilevile. Kwa hiyo kabla ya kulaumu dramu nne, piga magoti, bonyeza pedeli kwa kidole kimoja, sikia kama kuna ule uhuru mdogo mwanzoni. Kama hakuna, umeshapata. Kwa magari yenye buster ya breki, kama baadhi ya Series III, kijiti kinachotoka kwenye buster nacho kina kipimo chake, na kikirefuka kinaleta shida hiyohiyo.

Sababu ya pili ya tundu kuziba ni mbaya zaidi: raba zilizovimba. Mtu amekuta chupa ya breki imepungua, ameongeza oili ya injini au ya usukani. Raba za breki haziivumilii oili ya madini. Zinavimba na kulegea, zinajaza silinda. Kuna jaribio la dakika moja. Nyonya oili kidogo kutoka kwenye chupa, dondosha kwenye glasi ya maji safi, koroga. Oili halisi ya breki ya DOT 3 au DOT 4 inachanganyika na maji na kupotea. Ikielea juu kama mafuta ya mchuzi, kuna mgeni humo. (DOT 5 ya silikoni nayo haichanganyiki, kwa hiyo uliza kwanza kama mwenye gari aliwahi kuiweka.) Jibu likiwa baya, hakuna tiba ya nusu: raba zote kuanzia masta hadi silinda za matairi, na mipira yote, vinatupwa, na mabomba yanasafishwa kwa spiriti. Kubadili raba za tairi moja lililochemka ni kumlipa fundi kwa kazi ambayo utairudia tena na tena.

Sasa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko mengine yote, na linahitaji spana moja tu. Lifanye pale shida inapotokea, kabla gari halijapoa. Weka mawe au vigingi matairini, inua tairi linaloshika, hakikisha kweli halizunguki. Vaa miwani, maana oili hiyo ni ya moto na inaweza kuruka. Vika kijibomba kwenye skrubu ya kutolea upepo, kisha ifungue robo mzunguko. Angalia vitu viwili kwa pamoja, tairi na kijibomba. Oili ikichupa na tairi likaachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa kwenye bomba na dramu haina hatia. Oili ikitoka kidogo kichovu na tairi likabaki limeshika, shida ni ya chuma kwa chuma: pistoni iliyoganda, springi iliyokufa, marekebisho yaliyobana, au beringi.

Ikiwa ni presha, panda juu hatua kwa hatua, kila mara ukifunga breki upya ili shida irudi. Legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira wa breki, upande wa masta. Tairi likibaki limeshika, ilhali lilipofunguliwa skrubu ya chini liliachia, presha imefungiwa ndani ya mpira. Tairi likiachia hapo, mpira ni mzima. Endelea mpaka kwenye nati ya masta silinda yenyewe. Likiachia na pale, umemshika mhalifu.

Mpira wa breki unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu nje unaweza kuwa mzuri kabisa, mweusi, bila ufa. Uchakavu uko ndani. Utando wa ndani umevimba au umeachana na tabaka la juu yake na kufanya ulimi mdogo. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma oili ipite kwenye kinjia kilichobaki. Springi za brekishuu hazina nguvu hiyo. Oili inaenda, hairudi, au inarudi polepole kwa dakika kadhaa. Ukiukata mpira wa namna hiyo kwa kisu, unakuta tundu ambalo sindano ya kushonea ingepita kwa shida. Kwa gari la miaka sitini ambalo hujui historia yake, mimi ningebadili mipira yote mitatu bila kupima chochote. Kati ya vipuri vyote vya breki ni miongoni mwa vya bei nafuu zaidi.

Kama skrubu ilikujibu kwamba shida ni ya chuma, kuna jambo moja la kufanya kabla ya dramu kutoka. Nenda kwenye vichwa vya marekebisho nyuma ya bati, uhesabu ni sehemu gani ya mzunguko unayohitaji kulegeza mpaka tairi liwe huru. Kwenye 109 kila brekishuu ya mbele ina kichwa chake. Moja ikilegezwa kidogo tu na tairi likaachia, huna haja ya kutafuta zaidi: lilikazwa mno. Na hapa ndipo penye kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote.

Mazungumzo yake ni yaleyale kila gereji. "Fundi, pedeli inazama." "Subiri nikukazie, mzee." Fundi anakaza dramu ikiwa bado ina moto wa safari. Chuma cha kusubu hutanuka. Dramu ya inchi 11, ambayo ni milimita 279 na nukta nne, ikipanda kwa nyuzi 200 hupanuka kwa milimita 0.6 kwa kipenyo, yaani karibu milimita 0.3 kila upande. Nafasi hiyo ndiyo iliyofanya pedeli izame. Fundi akiifuata kwa marekebisho, ameziweka brekishuu mahali ambapo dramu baridi itazikuta. Asubuhi chuma kimesinyaa, tairi limebanwa. Dereva analazimisha, dramu inapata moto haraka zaidi ya jana, inatanuka, pedeli inazama tena, anarudi kwa fundi. "Fundi, bado." Inakazwa tena. Nimeona magari yaliyofika kwenye lainingi iliyoungua na dramu zenye mabaka ya bluu kwa njia hii tu, bila kipuri hata kimoja kuharibika kwanza.

Marekebisho hufanywa gari likiwa limepoa kabisa. Kaza mpaka tairi lishike, legeza mpaka lizunguke huru, kanyaga pedeli kwa nguvu mara mbili ili brekishuu zikae katikati, kisha angalia tena. Mkwaruzo mwepesi unaosikika sehemu moja ya mzunguko unaruhusiwa. Mkwaruzo wa mzunguko mzima hauruhusiwi. Kumbuka pia kwamba brekishuu za mbele za 109 zote mbili zimepangwa ili dramu ikizunguka mbele izivute na kuzikandamiza zaidi. Ndiyo maana gari hilo lina breki kali likienda mbele na dhaifu likirudi nyuma, na ndiyo maana tairi linaweza kuwa zito ukilizungusha mbele na jepesi ukilizungusha nyuma. Lijaribu upande linaotembea.

Breki ya mkono iko mahali pasipotarajiwa, na imepoteza wengi. Kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe au Morris Minor, breki ya mkono ni nyaya zinazokwenda kwenye dramu za nyuma, na waya ulioshika kutu ni mtuhumiwa wa haki tairi la nyuma likichemka. Kwenye Land Rover za Series haigusi matairi kabisa. Ni dramu ya peke yake iliyo nyuma ya giaboksi ndogo, inashika shafti ya kwenda difu ya nyuma. Ikikwaruza, matairi yote manne yatakuwa baridi na harufu ya kuungua itatoka katikati ya gari, chini ya viti. Mara nyingi utakuta pia sili ya giaboksi ndogo imevuja na kuilowesha. Na kwa sababu inashika shafti tu, ukiinua tairi moja la nyuma gari halijashikwa na chochote: difu inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke na gari libingirike. Usiingie chini yake kwa kuiamini hiyo.

Beringi nayo ichunguzwe kabla ya dramu kutoka, maana ikibana sana hutoa joto linaloanzia katikati. Linganisha kipimo cha kofia ya habu na cha ukingo wa dramu. Ukingo ukiwa wa moto kuliko katikati, ni breki. Katikati pakiwa pamezidi, ni beringi iliyokazwa kama nati ya kawaida. Za Land Rover hizi zinatakiwa ziwe na mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, kiasi ambacho mkono wenye pupa hukiondoa kwa robo ya mzunguko.

Baada ya yote hayo, haya, fungua dramu. Usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, Uingereza yenyewe haikuipiga marufuku kabisa mpaka 1999, na brekishuu za akiba zilizokaa ghalani tangu enzi hizo bado zinauzwa kama bahati. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe.

Kinachoonekana ndani kinasomeka. Uso wa lainingi unaong'aa kama kioo umeungua. Gundi yake imepanda juu na haishiki tena, msasa utaupa siku chache tu. Mabaka ya bluu au nyufa ndogondogo kwenye dramu ni mahali ambapo brekishuu ilikuwa inagusa kwa kisehemu kimoja badala ya upana wote, jambo la kawaida kwa lainingi mpya iliyogongewa bila kuchongwa ifuate mviringo wa dramu. Waulize wanaogonga lainingi Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kama wanachonga, na uangalie vichwa vya riveti vimezama chini ya uso. Springi iliyonyooka na kupoteza mvutano haifai hata kama haijakatika. Moto ndio ulioichosha. Kwenye silinda, funua raba ya vumbi. Ukiona majimaji ya kahawia na ukoko, pistoni imekuwa ikitembea kwa taabu. Pwani hii huja mapema, kwa sababu oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo huleta kutu kwenye silinda za matairi.

Ukikuta oili nzito ya difu imelowesha lainingi, usiishie kubadili sili ya habu. Angalia kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, ekseli ikipata joto hewa ya ndani inakosa pa kutokea na kuisukuma oili ipite kwenye sili hata kama ni mpya.

Iwapo dramu ilichemka kweli, oili ya breki ibadilishwe yote, hata kama chanzo kilikuwa kitu kingine. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinachokubalika ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Oili ikichemka inageuka mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedeli inafika sakafuni bila breki. Ni tofauti na pedeli inayozama kwa sababu dramu imetanuka, ambayo ukiipampu mara mbili inapanda na kubaki ngumu. Ya mvuke ukiipampu inapanda kama sponji. Tofauti hiyo dereva anaweza kuisikia kwa mguu akiwa bado kwenye mteremko, na anayeisikia aingize gia ndogo mara moja, asisubiri.

Gari likishafungwa, rudia safari ileile ya kwanza: kilomita kumi tambarare, bila breki, lisimame lenyewe, pima yote manne. Kisha lipakie mzigo wake wa kawaida na urudie. Lainingi mpya zikishajikalia kwenye dramu, baada ya kilomita mia chache, zitahitaji kukazwa tena kidogo. Kazi hiyo ifanywe alfajiri, kabla ufunguo haujazungushwa.